Kabla ya kununua sabufa, pima chumba na masikio ya mtoto

Mpunga ukishavunwa na kakao ikishauzwa mnadani, maduka ya vifaa vya umeme Kyela mjini na Ipinda hupata wateja. Baba anatoka na boksi la sabufa lililoandikwa maelfu ya wati, analiingiza kwenye chumba na sebule cha kupanga. Jioni hiyo wapangaji wote wanajua kimenunuliwa nini.

Hakuna ubaya kufurahia muziki au mpira nyumbani. Lakini ndani ya chumba hicho analala mtoto, na nyuma ya ukuta huenda yupo mgonjwa wa presha anayeutafuta usingizi. Kwa hiyo kuchagua sabufa ni suala la afya pia.

Kinachoharibika sikioni

Ndani ya kila sikio kuna chembe hai laini zenye vinyweleo, takriban 15,000. Hizo ndizo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa huzichosha, ikizidi huziua, na zikifa hazioti nyingine. Mpaka leo hakuna dawa ya kuzirudisha.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Kwa watu wazima walio kazini, wataalamu wengi huweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8. Sauti ikipanda kwa desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni dakika 15 tu.

Mtoto anahitaji tahadhari zaidi. Kwa simu na vifaa vya kusikilizia masikioni, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huo huo.

Huna kipimo? Simama mita 1 kutoka kwa mwenzako muda sabufa inapolia. Ukilazimika kupaza sauti ndipo akusikie, huenda mmeshafika desibeli 85.

Usinunue wati

Spika nyingi za nyumbani hufikia karibu desibeli 85 kwa wati 1 tu, ukiwa umbali wa mita 1. Ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu. Maana yake ni kwamba kwa chumba cha futi 10 kwa 10, hata sabufa ndogo ina nguvu za kutosha na kubaki.

Ile namba kubwa ya kwenye boksi mara nyingi huitwa PMPO. Ni namba ya kibiashara. Muulize muuzaji wati za RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo. Utashangaa jinsi inavyopungua.

Kisha fanya jaribio hili dukani. Mwombe muuzaji aweke taarifa ya habari badala ya muziki, na ashushe sauti hadi iwe kama ya mtu anayezungumza. Kama unasikia kila neno vizuri, hiyo ni spika nzuri. Kama maneno yanafunikwa na mvumo, nyumbani utakuwa unaongeza sauti kila siku ili uelewe filamu.

Hakikisha pia besi ina kitufe chake, ili usiku uipunguze bila kupoteza maneno. Zile seti za spika tano zinafaa sebule kubwa. Kwenye chumba kidogo, spika za nyuma huishia juu ya kitanda cha mtoto. Sabufa moja na spika mbili ndogo zinatosha.

Iweke wapi?

Huku Bondeni joto hutulazimu kulala madirisha wazi, na kwenye nyumba nyingi za kupanga kuta za kati haziziby paa. Sauti hupita juu na kuingia kwa jirani. Besi ni mbaya zaidi, kwa kuwa hupenya hata ukuta. Pazia zito na zulia hupunguza mwangwi chumbani, lakini havizuii besi.

Usiiweke sabufa pembeni kabisa ambapo kuta mbili zinakutana, kwa sababu kona huikuza besi. Usiiegemeze kwenye ukuta wa jirani. Spika ndogo ziinue ziwe usawa wa masikio ya mtu mzima aliyeketi, zikimwelekea.

Mtoto asicheze mbele ya spika. Umbali ukipungua kwa nusu, sauti inaweza kupanda kwa hadi desibeli 6. Wewe uliye kwenye kochi na yeye aliye sakafuni karibu na spika hamsikii kitu kimoja.

Usiku kelele huvunja usingizi, na kelele za muda mrefu zimehusishwa na presha na maradhi ya moyo. Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, na ukomo wake wa usiku uko chini kuliko wa mchana. Lakini kabla ya kanuni kuna ujirani: kubalianeni saa ya kushusha sauti.

Lini umwone daktari?

Nenda kituo cha afya kama masikio yanavuma au kupiga mluzi zaidi ya siku moja baada ya kelele. Mpeleke mtoto kama hageuki akiitwa, anachelewa kuongea, anaongeza sauti ya televisheni kila mara, au mwalimu analalamika kuwa hasikilizi. Ukipoteza usikivu ghafla, nenda siku hiyo hiyo.

Si kila tatizo linatokana na spika. Nta, usaha sikioni na baadhi ya dawa, ikiwemo kwinini, vinaweza kuleta dalili kama hizo. Mweleze daktari dawa ulizotumia. Usimwingizie mtoto njiti wala mafuta sikioni.

Sabufa ikiharibika, fundi yupo na vipuri vipo. Sikio la mtoto halina kipuri.