Galaksi Inayoonekana Vizuri Zaidi kwa Bibi

Watoto wapenzi, nyosheni mkono mbele, kisha kunjeni ngumi. Upana wa ngumi hiyo ni kama nyuzi 10 za anga. Leo tutaitumia kupimia galaksi, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota.

Galaksi yenyewe inaitwa M83. Ina mikono iliyojipinda, na katikati yake umelala mstari mnene wa nyota, ulionyooka kama boriti ya dari. Boriti hiyo huvuta gesi kuelekea katikati, na huko nyota mpya huzaliwa. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, nayo ina boriti ya namna hiyo.

M83 iko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 15. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille aliigundua mwaka 1752 kwa darubini ndogo sana, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Huko hupita karibu na utosi.

Hapa London, hata ikifika juu kabisa, haifiki ngumi moja kutoka upeo wa macho. Nuru yake hupita kwenye hewa nyingi, ikatikisika na kufifia, kisha taa za mji zikaimaliza. Muscat hufika ngumi tatu na nusu. Zanzibar, ngumi sita na nusu! Kwa sababu hiyohiyo ya hewa na taa, darubini kubwa hujengwa milimani penye giza, kama La Silla nchini Chile, mita 2,400 juu ya bahari.

Wazazi, mkienda nyumbani likizo ya Julai, chukueni darubini ya macho mawili. Usiku usio na mwezi, mbali na taa, mara giza likiingia, tazameni juu upande wa kusini-magharibi, chini ya nyota ing'aayo ya Spika. Tafuteni doa dogo la ukungu. Boriti na mikono huhitaji darubini kubwa zaidi. Rangi za pichani hamtaziona, kwani kamera hukusanya nuru kwa muda mrefu, jicho haliwezi.

Mara nyingi sisi ndio tunaompelekea bibi zawadi. Safari hii mwombeni yeye awapeleke uani, mahali penye giza. Anga lake linashinda letu.