Herufi tatu kwenye daftari la mama

Mama alikuwa na duka dogo juu ya Runyenjes, pale mashamba ya kahawa yanapoanza kuachia nafasi majani chai. Chini ya kaunta, kando ya mizani, kulikuwa na daftari nene la jalada gumu lililofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Humo ndimo lilimolala deni la kijiji kizima. Mbele ya kila jina kulikuwa na herufi moja kwa wino mwekundu: C, K au M. Nikiwa mdogo nilidhani ni alama za ukoo. Kumbe C ilikuwa chai, K kahawa, na M muguka, jani la kutafuna lililo ndugu wa miraa.

Herufi hizo ndizo zilizoamua nani aandikiwe nini. Mwenye C aliandikiwa unga na sukari hadi malipo ya mwezi, na vitu vizito, kama blanketi na viatu vya shule, hadi bonasi. Mwenye K alingojewa miezi, lakini kwanza aliulizwa amepeleka kilo ngapi kiwandani, na mama alikuwa na namna yake ya kuhakikisha jibu. Mwenye M, ambaye kwa kawaida alikuwa na shamba upande wa Mbeere, hakulimbikiziwa zaidi ya wiki moja, maana muguka huchumwa mara kwa mara na pesa yake haikai mfukoni. Soda haikuandikwa kwa mtu yeyote, wala sigara.

Haukuwa msaada. Sukari ya daftari ilikuwa ghali kidogo kuliko ya pesa mkononi, na kila mtu alilijua hilo bila kuambiwa. Lakini mama alimdai mtu siku ambayo mtu huyo alikuwa na pesa. Nimeishi Nairobi miaka mingi sasa, nikilipwa kwa makala, mwezi huu tatu na mwezi ujao hakuna, na sijaona mkopeshaji mwingine anayefanya hivyo.

Tatizo la nyumba nyingi za Embu na Meru si uchache wa pesa peke yake. Ni kwamba shamba lina kalenda yake na ankara zina kalenda yao. Mkulima wa chai aliye chini ya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, hulipwa kiasi fulani kwa kilo kila mwezi, halafu mwaka wa fedha ukifungwa mwezi Juni hungojea malipo ya pili, ile bonasi, ambayo huingia karibu Oktoba. Shule nayo hudai Januari. Kwa miaka mingi karo ya shule za bweni za kitaifa na za kiwango kinachofuata imewekwa kuwa Sh53,554 kwa mwaka, ikigawanywa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Maana yake Sh26,777 zinatakiwa Januari kwa mtoto mmoja, wakati bonasi ya Oktoba imeshapitia harusi, Krismasi na ng'ombe aliyenunuliwa kwa bei ya kuringia majirani.

Ukienda Igembe, kule Meru, kuanzia Maua hadi Laare, hesabu ni nyingine kabisa. Miraa huvunwa mara nyingi, pesa ni taslimu, na mzigo uliofungwa kwa majani ya mgomba hauwezi kungoja. Ukikaa siku tatu umeshashuka thamani. Kiangazi mavuno hupungua na bei hupanda. Mvua ikinyesha miti yote huchipua pamoja na bei huanguka. Juu ya hali ya hewa kuna kalamu za watu wa mbali. Uingereza ilipiga miraa marufuku Juni 2014. Soko la Somalia lilifungwa Machi 2020, likafunguliwa tena Julai 2022. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga muguka marufuku, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo, na Rais akasema hazina nguvu. Lakini jani lililochumwa asubuhi halisubiri mahakama. Mpangaji wa nyumba kule Kiritiri, Mbeere, hamwambii mwenye nyumba kwamba kesi bado inasikizwa.

Pesa inapokatika hivyo, wengine hukodisha miti ya miraa kwa mfanyabiashara kwa misimu kadhaa, wapate fedha za hospitali au karo kwa mkupuo mmoja. Kisha huwa vibarua wa kuchuma miti yao wenyewe. Watu wa Kagera wana jina la biashara ya namna hii kwenye kahawa: butura, yaani kuuza zao likiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Serikali ya Tanzania huipiga marufuku. Kwetu haina jina, labda ndiyo sababu haitushtui.

Wengi zaidi, hata hivyo, hushika simu. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulianza Novemba 2012, na ada yake ni asilimia 7.5 kwa siku 30, ukiacha ushuru. Inaonekana ndogo. Sasa chukua Sh5,000 za kununua chakula mwezi ambao shamba limekauka. Ada ni Sh375. Ukilipa leo na kukopa tena kesho, mwezi baada ya mwezi, mwaka ukiisha umelipa Sh4,500 na zile Sh5,000 bado unadaiwa. Chakula chenyewe kililiwa wiki mbili za kwanza. Kwenye Sacco inayotoza asilimia moja kwa mwezi, mwezi wa kwanza ungelipa Sh50.

Fuliza, iliyoanza Januari 2019, ina ujanja mwingine. Hukata ada ya asilimia moja papo hapo, kisha ada ya kila siku, na pesa yoyote ikiingia kwenye M-Pesa hula yenyewe kwanza. Shangazi akikutumia nauli ya kwenda matangani, utapata ujumbe kwamba nauli imeshalipa unga wa juzi.

Hustler Fund, mfuko wa serikali, tangu Novemba 30, 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka, na kwa bei hakuna mkopo mwingine wa simu unaoushinda. Ukikopa Sh1,000, asilimia 5 huwekwa akiba na riba ni kama shilingi tatu tu. Lakini muda wake ni siku 14. Hakuna zao kwenye daftari la mama, isipokuwa la mwenye M, linaloweza kukutana na tarehe hiyo. Mkopo nafuu wenye tarehe isiyo yako hukufanya utafute mkopo ghali wa kuulipa.

Hilo nililijua kwa kichwa changu. Mwaka ambao mteja mmoja alichelewesha malipo yangu miezi minne, nilikuwa na mikopo mitatu ya simu, wa tatu ukilipa wa pili. Programu moja, ambayo sitaitaja, ilianza kuwapigia simu watu waliokuwa kwenye orodha ya simu yangu. Fundi wangu wa mabomba alijua deni langu kabla ya mke wangu. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kufanya hivyo, na mtu akifanyiwa anaweza kulalamika. Mimi niliona haya tu, nikakaa kimya.

Kinachosaidia, kwa maoni yangu, ni kuuliza swali la mama kabla ya kuuliza riba: deni hili litalipwa na nini, na kitu hicho kitaingia lini? Mkulima wa kahawa ana mfuko wa malipo ya awali kupitia New KPCU, ulioanza kwa riba ya asilimia 3, na hukatwa kahawa ikilipwa. Mwenye chai anaweza kukopa Greenland Fedha, kampuni ya KTDA, na makato yakafuata majani. Hatari ipo hapo pia, maana kuna watu ambao bonasi huwafikia ikiwa tupu, imeshakatwa yote. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hakuna matanga kama foleni ya benki ya Oktoba kwa mtu aliyekula bonasi tangu Februari.

Upande wa pili wa hesabu ni kulipa mapema pale pesa inapojaa. Mchango wa bima ya afya ya SHA kwa asiye na mshahara huanzia Sh300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka mzima, Sh3,600 kwa kiwango cha chini kabisa. Kwa mchuuzi wa soko la Gakoromone, Meru, anayehesabu pesa kila jioni, ni mlima. Kwa mwenye chai aliyejiandikisha mpango ulipoanza Oktoba 2024, umeangukia mwezi wa bonasi. Karo ya Januari pia hupokelewa Oktoba, na hakuna shule niliyoisikia ikirudisha pesa kwa sababu zimewahi. Tokeni za stima haziozi.

Daftari la mama lilikuwa na sehemu ambayo sikuigundua hadi nilipokuwa mkubwa. Ukiligeuza juu chini na kuanzia nyuma, kulikuwa na kurasa chache za watu waliomwachia pesa yeye. Bonasi ikiingia walileta elfu tatu, elfu sita, kisha wakala kidogo kidogo hadi Februari, mama akitoa kwa kalamu ya bluu. Yalikuwa majina manne, yote ya wanawake. Mmoja aliniambia alifanya hivyo ili mumewe asizione.

Mwezi uliopita nililipwa makala tano kwa pamoja. Nikamtumia mwenye duka la mtaani kwangu Sh4,000, nikamwambia aziweke, tutakuwa tukichukua unga na maziwa. Alinipigia simu baada ya dakika mbili.

"Kaka, kwani mnahama?"