Mimba ikitoka, nenda hospitali: sheria inasema nini na daktari anafanya nini

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana sana: kutoka na kutoa. Mimba ikitoka, huo ni ugonjwa, na mwenye nayo ni mgonjwa. Mimba ikitolewa, mbele ya sheria za Tanzania Bara jambo hilo linaweza kuwa kosa la jinai. Tofauti ni ndogo mdomoni, lakini huku kwetu Kanda ya Ziwa kuna wanawake wanaobaki ndani wakivuja damu kwa sababu yake.

Katika kipindi chetu cha afya tuliwahi kupokea simu kutoka kwa dada mmoja aliyekuwa mwaloni, upande wa visiwani. Mdogo wake alikuwa anatoka damu tangu juzi yake. "Nikimpeleka hospitali si watamkamata?" alituuliza. Jibu letu hewani lilikuwa fupi: mpeleke sasa hivi. Muda wa kipindi haukutosha kueleza zaidi, na tangu siku hiyo swali hilo limerudi mara nyingi. Makala haya ndiyo maelezo yaliyokosekana.

Tatizo lina ukubwa gani?

Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili na Taasisi ya Guttmacher ya Marekani walifanya makadirio ya kitaifa kwa mwaka 2013. Walikadiria kuwa mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini mwaka huo. Kanda ya Ziwa ndiyo iliyoongoza: mimba 51 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa taifa ulikuwa 36.

Watafiti hao walikadiria pia kuwa wanawake wapatao 66,600 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara ya mimba zilizotolewa. Wengine wengi zaidi ya hao walipata madhara na hawakupata tiba waliyoihitaji.

Hapo hatujagusa mimba zinazotoka zenyewe. Kitabibu, kati ya kila mimba 100 zilizotambuliwa, 10 hadi 20 hutoka zenyewe, nyingi ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Mara nyingi chanzo ni kasoro katika mbegu za uzazi zilipoungana, jambo ambalo mama hana mkono ndani yake. Malaria, ambayo ni mwenyeji wa mwambao wetu, huongeza hatari hiyo. Kwa hiyo wanawake wengi wanaofika kituoni wakitoka damu hawajafanya chochote. Hata hivyo, macho ya benchi la wagonjwa huwatazama wote kwa namna moja.

Damu ikianza, ni lini hali ni ya hatari?

Kutoka damu wakati wa ujauzito, hata kidogo, ni sababu ya kwenda kituo cha afya. Lakini zipo dalili zinazotaka uondoke nyumbani muda huohuo:

- Pedi kubwa mbili zinalowa ndani ya saa moja, na hali hiyo inaendelea kwa saa mbili mfululizo.
- Homa, kutetemeka kwa baridi, au uchafu ukeni wenye harufu mbaya. Hizo ni dalili za maambukizi ambayo yakiingia kwenye damu huua kwa haraka.
- Maumivu makali ya tumbo, hasa ya upande mmoja, pamoja na kizunguzungu, kuzimia au maumivu ya bega.

Dalili hizo za mwisho zinaweza kuwa za mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Mrija ukipasuka, damu humwagikia ndani ya tumbo na nje inaonekana kidogo tu. Nyumbani watu watasema "damu si nyingi, tusubiri asubuhi", kumbe mgonjwa anaisha. Mimba ya namna hii haiwezi kukua ikazaliwa, na tiba yake ya dharura ni upasuaji.

Akifika kituoni anafanyiwa nini?

Wizara ya Afya inaiita tiba hii huduma baada ya mimba kuharibika. Kwanza mgonjwa hupimwa mapigo ya moyo, presha, joto na wingi wa damu. Akiwa amepoteza damu nyingi huwekewa maji ya mshipani au kuongezewa damu. Kukiwa na maambukizi, huanzishiwa antibayotiki.

Mabaki ya mimba yakiwa bado ndani, yanatolewa. Hiki ndicho watu wa mtaani wanakiita "kusafishwa". Zamani ilikuwa kawaida kukwangua kizazi kwa chombo cha chuma. Shirika la Afya Duniani halipendekezi tena njia hiyo, kwa kuwa inaweza kuumiza kizazi. Siku hizi inatumika pampu ya mkono inayofyonza mabaki taratibu, au vidonge vya misoprostol vinavyosaidia kizazi kujikaza. Vidonge hivyohivyo hutumika kuzuia na kutibu kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, ndiyo maana ni dawa ya kawaida katika wodi za wazazi. Pampu ya mkono inaweza kutumiwa na mkunga au muuguzi aliyefunzwa, si lazima daktari bingwa.

Kisha yanafuata mazungumzo, ambayo mara nyingi yanarukwa kwa sababu ya foleni. Mwanamke anaweza kushika mimba nyingine ndani ya wiki mbili tu baada ya mimba kutoka. Kama hataki mimba nyingine mapema, njia ya uzazi wa mpango aipate siku hiyohiyo, kabla hajatoka getini.

Jambo lingine la kujua ni maandishi ya kwenye faili. Madaktari hutumia neno la kitaalamu, aboshoni, kwa mimba iliyotoka yenyewe na kwa iliyotolewa pia. Mume au mama mkwe akiliona kwenye cheti anaweza kudhani ni hukumu. Neno hilo halisemi nani amefanya nini. Linasema tu kwamba mimba haikuendelea.

Kanuni ya Adhabu inasema nini hasa?

Sheria inayohusika ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Zanzibar ina sheria yake, hivyo tunayoyaeleza hapa ni ya Bara, kwa namba za vifungu kama zilivyo katika toleo la marejeo la mwaka 2022.

Kifungu cha 150 kinamhusu anayemtoa mimba mwanamke isivyo halali. Adhabu yake inafika miaka 14 jela. Kifungu cha 151 kinamhusu mwanamke anayejitoa mimba mwenyewe. Inafika miaka 7. Kifungu cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika kwa kazi hiyo. Inafika miaka 3. Kifungu cha 219 kinahusu kuua mtoto anayeweza kuzaliwa hai kabla hajazaliwa, na adhabu yake inaweza kuwa kifungo cha maisha, isipokuwa kitendo kimefanyika kwa nia njema ya kuokoa maisha ya mama.

Soma tena maneno "isivyo halali". Yanaonyesha kuwa ipo hali ambayo kitendo hicho ni halali, na hali hiyo inapatikana katika kifungu cha 230. Kifungu hicho kinasema mtu hana hatia akifanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi unaostahili, ili kuokoa maisha ya mama, iwapo hali ya mgonjwa ilitaka hivyo. Daktari anayeondoa mimba iliyotunga kwenye mrija, au anayemhudumia mama ambaye mimba inamuua, ana ulinzi wa sheria.

Tena, katika vifungu vyote hivyo hakuna kinachosema kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imekwisha kuharibika ni kosa. Wala hakuna kinachosema kutibiwa ni kosa. Hata aliyeitoa mwenyewe ana haki ya kutibiwa, kama vile aliyepata ajali akiendesha pikipiki bila leseni anavyotibiwa.

Sheria hii ilitoka wapi?

Maneno ya vifungu hivi yana asili ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, na yaliletwa Tanganyika na serikali ya kikoloni. Mwaka 1938 daktari wa London, Aleck Bourne, alishtakiwa kwa kumtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa. Aliachiwa huru. Jaji alieleza kuwa kulinda maisha ya mama kunaweza kujumuisha kumwepusha na kuharibika kabisa kimwili au kiakili. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika shauri la Mehar Singh Bansel, ilikubali mtazamo wa aina hiyo: lisilo halali ni lile linalofanyika bila sababu nzuri ya kitabibu.

Hata hivyo mashauri hayo ni ya zamani, na daktari aliye zamu usiku hana wakili pembeni. Kifungu cha 230 kinataja upasuaji, kwa sababu kiliandikwa kabla ya vidonge kuwepo. Hakitaji ubakaji. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, na ibara yake ya 14 inazitaka nchi kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu katika hali kama ubakaji, maharimu na hatari kwa afya ya mama. Lakini kwetu mkataba hauwi sheria ya kutumika moja kwa moja mpaka Bunge liutungie sheria. Katikati ya pengo hilo, mtoa huduma anayeogopa huchagua kumpa mgonjwa rufaa badala ya kumtibu, na safari ya rufaa kutoka kisiwani ni ndefu.

Je, daktari atapiga simu polisi?

Hili ndilo swali lenyewe la yule dada, na tusilijibu kwa kulipamba. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka mtu anayefahamu kuwa kosa limetendeka atoe taarifa. Upande wa pili, maadili ya taaluma yanamtaka daktari atunze siri ya mgonjwa. Mivutano ya namna hii ipo.

Lakini kufahamu si kudhani. Mimba iliyotoka yenyewe na iliyotoka kwa vidonge hufanana mbele ya daktari. Damu peke yake si ushahidi wa kosa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba matibabu yasiwekewe sharti la mgonjwa kukiri wala la kupata karatasi ya polisi. Kama kuna mzizi, kijiti au kemikali iliyotumika, mtoa huduma anahitaji kujua kwa sababu tiba hubadilika. Kazi yake pale kitandani ni kutibu, upelelezi una wenyewe.

Ufanye nini leo

Usisubiri ruhusa. Mwanamke mtu mzima anaweza kuridhia matibabu yake mwenyewe. Dharura haingoji mume arudi kutoka ziwani.

Usimpe mgonjwa dawa ya kienyeji ya "kumalizia", wala usiruhusu mtu amwingize kitu chochote ukeni.

Piga 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mfumo huu ulianza kwa majaribio huku kwetu, Sengerema na Shinyanga, kabla ya kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022.

Anza na kituo kilicho karibu. Si lazima ufike Sekou Toure au Bugando kwanza. Kituo cha afya kinaweza kuzuia damu, kuweka maji ya mshipani na kuandika rufaa.

Na wewe uliye kwenye benchi la kusubiri, ukimwona binti ameshika tumbo na khanga imelowa, mpishe apite mbele.

Maelezo haya ni ya jumla. Kwa shauri la kisheria muone wakili au kituo cha msaada wa kisheria. Kwa damu inayotoka, usituandikie sisi kwanza. Nenda kituoni, utatuandikia ukishapona.