Rafu ya Mara Iko Wapi?

Aprili 13 ni tarehe yenye bahati kwa fasihi ya Kanda ya Ziwa. Mwaka 1922, Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Mwaka 1944, tarehe hiyohiyo, Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, kisiwa ambacho msafiri wa Bunda hukifikia kwa kushuka Kisorya na kupanda kivuko hadi Rugezi. Mmoja alimtafsiri Shakespeare huku akiongoza nchi. Mwingine aliandika Rosa Mistika na Kichomi, akawagombanisha washairi wa Kiswahili juu ya vina na mizani kwa miaka mingi.

Tangu 2023 tarehe hiyo imeongezewa shughuli. Ndiyo siku ya kutangazwa washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania chini ya kamati inayoongozwa na Profesa Penina Mlama, mwandishi wa tamthilia ambaye wengi walimjua kwa jina la Penina Muhando. Waandishi hupeleka miswada ya Kiswahili ambayo haijachapwa. Katika awamu ya kwanza walishindana katika riwaya na ushairi, na mshindi wa kwanza wa kila fani aliondoka na shilingi milioni 10. Fedha hizo si haba, lakini kwa mwandishi jambo kubwa zaidi ni kwamba serikali huchapa miswada iliyoshinda na kuipeleka shuleni na maktabani. Waandishi wengi wa Tanzania wamezeeka na miswada yao mikononi kwa kukosa mtu wa kuichapa.

Jina la tuzo limetoka Butiama, ila hafla hufanyika Dar es Salaam. Hilo halina ubaya, tuzo ni ya taifa zima. Linadokeza tu hali ya Mara, mkoa wa Butiama: vitu vyake vinavyohusu vitabu, kumbukumbu na heshima za waandishi vipo, ila kila kimoja kimekaa mahali pake.

Kwingine duniani kazi za vitabu, kumbukumbu na tuzo huwekwa chini ya paa moja. Marekani, majimbo yana maktaba zao zinazokusanya magazeti ya zamani, ramani na historia za vijiji, zinazoendesha vipindi vya kusoma kwa watoto na wazee, na pengine kuwatuza waandishi wa jimbo husika. Maktaba ya Bunge la nchi hiyo ilianzisha Kituo cha Vitabu mwaka 1977, na leo kila jimbo lina tawi lake. Tanzania ilifuata njia nyingine. Sheria ya mwaka 1963 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba, na Desemba 9, 1967, siku ya Uhuru, Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Kutoka hapo huduma ikashuka mikoani, Musoma ikiwemo. Sheria mpya ya mwaka 1975 iliipa Bodi nguvu zaidi, pamoja na haki ya kupokea nakala za vitabu vinavyochapwa nchini.

Maktaba ya mkoa, basi, ni mkono wa Bodi. Mtu hujiandikisha, hulipa ada, huazima kitabu au hukaa kusoma. Watoto wana sehemu yao. Mkutubi huwashauri walimu wanaotaka kuanzisha maktaba ya shule: vitabu vipangwe vipi, daftari la wakopaji liwekwe vipi, ufunguo akae nao nani. Swali hilo la mwisho ni zito kuliko linavyosikika, kwa kuwa shule nyingi zina kabati la vitabu lililofungwa kwa kufuli kwa hofu ya kuibiwa. Kitabu kilichofungiwa hakiibiwi, na hakisomwi pia.

Mara iliwahi kuwa mbele katika kuwapa watu cha kusoma. Mwaka 1968, UNESCO na serikali walianzisha mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima uliokuwa na makao Mwanza na kuihudumia mikoa ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Wakulima walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba, uvuvi na ufugaji, yaani mambo ya mikono yao. Mwaka 1974 likazaliwa gazeti la Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu waliokuwa wamejua kusoma juzijuzi na wangesahau wasipopata cha kusoma. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma walipungua nchini hadi asilimia 39 mwaka 1975, na chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Maktaba za vijijini zilianzishwa kwa sababu hiyohiyo. Nyingi zilikufa fedha zilipokauka, na walioachwa bila kitabu ni haohao waliofundishwa kusoma.

Anayetaka kuona mapenzi ya vitabu yalivyokuwa kwa mtu mmoja wa Mara aende Butiama. Akitoka Musoma, safari haifiki hata kilomita 50. Makumbusho ya Mwalimu, tawi la Makumbusho ya Taifa, yalifunguliwa Julai 1999, miezi mitatu tu kabla hajafariki. Wageni huoneshwa zawadi za urais, vifaa vya nyumbani na kaburi lake, na wengi hupiga picha hapo na kuondoka. Wenye kusoma hukawia kwenye karatasi na vitabu. Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963, rais wa nchi changa akiwa na kila sababu ya kukosa nafasi. Aliirudia na kuisahihisha mwaka 1969, mwaka ambao Mabepari wa Venisi nayo ilitoka. Baada ya kung'atuka 1985 na kurudi shambani, aligeukia Injili na Matendo ya Mitume, akazitunga upya kwa tenzi zilizochapwa 1996 na watawa wa Ndanda na Peramiho.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1955, baada ya kuacha kazi ya ualimu Pugu kwa ajili ya TANU, alirudi Musoma na kwa muda akawafundisha Kizanaki mapadre wa Maryknoll. Mtu tunayemkumbuka kwa Kiswahili alikula mshahara wa lugha ya mama yake.

Hapo ndipo penye utajiri mkubwa wa Mara, na ndipo penye pengo. Mkoa una lugha nyingi kwa eneo dogo: Kizanaki, Kijita, Kikwaya, Kikuria, Kiikizu, Kingoreme, Kiikoma, Kisimbiti, Kikabwa, Kijaluo na nyinginezo. Kila jamii ina historia yake. Waikizu wa upande wa Bunda husimulia habari za Isamongo aliyekuwa na moto na Nyakinywa aliyekuja na mvua, jinsi walivyopimana nguvu wakapatana, na utemi ukashikwa na mwanamke. Masimulizi kama hayo yaliandikwa na wenyeji wenyewe, wengi wao walimu wastaafu na wazee wa ukoo, kwenye madaftari ya shule au kwa mashine ya chapa, kwa gharama zao.

Mwanahistoria Mmarekani Jan Bender Shetler, aliyefanya utafiti Mara kwa miaka mingi, aliyakusanya baadhi ya maandishi hayo katika kitabu Telling Our Own Stories, kilichotolewa na Brill ya Leiden, Uholanzi, mwaka 2003. Ni kazi ya heshima, na bila yeye madaftari mengine huenda yangeliwa na mchwa. Hata hivyo kitabu cha kitaaluma cha Leiden huuzwa kwa bei ambayo mwalimu wa Nyamuswa hawezi kuigusa. Vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza, pamoja na cha Musoma, viko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kumbukumbu nyingi za Wamennonite walioingia Shirati mwaka 1934 zilivuka bahari na wamisionari kurudi Marekani. Mjukuu wa Ikizu anayetaka kuwasoma babu zake ana safari ndefu kuliko mtafiti wa kigeni.

Jirani wa Ukerewe alionja uchungu wa kuchelewa. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945 na hakupata mchapaji. Alikaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ikachapwa na Tanzania Publishing House zaidi ya miaka 30 baadaye, katika majuzuu mawili. Kitereza alifariki 1981. Enzi zake hakukuwa na tuzo ya kuichapa miswada, wala mkutubi wa karibu wa kuipokea.

Siku hizi vyote viwili vipo, kwa hiyo kisingizio kimepungua. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama hazihitaji jengo jipya ili kuwa na rafu ya Mara. Zinahitaji kununua nakala ya kila kitabu kilichoandikwa juu ya mkoa, kurudufu madaftari ya wazee kwa idhini yao, na kuyaweka Musoma ambapo mwanafunzi anaweza kuyaomba kwa jina. Nawe msomaji, kama kuna historia ya ukoo iliyolala sandukuni kwenu, itolee nakala kabla ya masika yajayo na uipeleke maktaba ya mkoa. Ukiwa na riwaya au diwani, namba ya kitabu hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na miswada ya tuzo hupokelewa na Taasisi ya Elimu kila dirisha linapotangazwa.