Mwajiri Mkubwa na Mfuko wa Jiji

Mei 14, 2018, madiwani wote 9 wa Seattle, jimboni Washington nchini Marekani, walipitisha kodi kwa waajiri wakubwa wa jiji. Juni 12, kabla haijaingiza hata senti moja, madiwani 7 kati yao wakaifuta. Miaka 2 baadaye baraza la jiji hilohilo lilipitisha kodi nyingine kwa waajiri wakubwa, nzito kuliko ile ya kwanza, na hiyo ikasimama. Siasa ilichangia: uchaguzi wa 2019 uliingiza madiwani wapya, na Uviko-19 ikatoboa bajeti. Lakini kwa maoni yangu, tofauti kubwa ilikuwa katika kile kilichohesabiwa.

Seattle ndiko yaliko makao makuu ya kampuni ya teknolojia ya Amazon. Ajira za mishahara minono zilipoongezeka, pango la nyumba lilipanda nazo, na wenye kipato kidogo wakasukumwa nje. Mwaka 2015 meya alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya watu wasio na makazi. Hesabu ya mwaka 2018 katika eneo zima la King County, lenye Seattle ndani yake, ilikuta zaidi ya 12,000. Jiji halikuwa na njia nyingi za kupata fedha, maana jimbo la Washington halikati kodi ya mapato kwenye mishahara. Hutegemea sana kodi ya mauzo, ambayo humuumiza zaidi mwenye kidogo, kwa kuwa ndiye anayemaliza karibu kipato chake chote dukani. Kuwageukia waajiri wakubwa kulikuwa na haki yake: wao ndio wanaovuta watu mjini, na wanatumia barabara, mabasi na zimamoto kuliko duka la mtaani.

Kodi ya 2018 ilikuwa dola 275 kwa kila mfanyakazi kwa mwaka, kwa kampuni zenye mauzo ya zaidi ya dola milioni 20. Ilikadiriwa kugusa kampuni zipatazo 585 na kuingiza dola milioni 47 kwa mwaka, kwa ajili ya nyumba za bei nafuu na huduma kwa wasio na makazi. Amazon ilisitisha mipango ya jengo la ghorofa 17 ikisubiri kura. Baada ya kura, kampuni kadhaa zilichangia kampeni ya kukusanya saini ili suala liende kwa wapigakura. Madiwani wakanyoosha mikono.

Watu wengi wanakumbuka shinikizo la Amazon. Mimi naona udhaifu ulikuwa ndani ya kodi yenyewe. Chukua keshia wa supamaketi anayelipwa dola 32,000 kwa mwaka: dola 275 ni karibu asilimia 0.9 ya mshahara wake. Chukua mhandisi wa programu anayelipwa dola 200,000: kiasi kilekile hakifiki asilimia 0.2. Kwa hiyo kodi iliyokusudiwa kuwagusa matajiri wa teknolojia iliibana zaidi biashara ya chakula, yenye watumishi wengi na faida nyembamba. Wapinzani waliiita kodi ya ajira, na kwa upande huu hawakukosea.

Kodi ya Julai 2020 iliacha kuhesabu vichwa. Inaangalia mishahara: ilipoanza iliihusu kampuni ambayo malipo yake kwa wafanyakazi wa mjini yalifika dola milioni 7 kwa mwaka, tena kwa wale tu waliolipwa dola 150,000 au zaidi. Viwango vilianzia asilimia 0.7 hadi 2.4, kadiri mshahara na kampuni vinavyokuwa vikubwa. Katika kampuni ambayo mishahara yake mjini inafika dola bilioni 1, mhandisi yule wa dola 200,000 alimgharimu mwajiri kodi ya dola 2,800. Keshia? Sifuri. Mwaka wa kwanza ilikusanya zaidi ya dola milioni 200. Chemba ya wafanyabiashara iliipeleka mahakamani ikashindwa, na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikathibitisha hukumu hiyo.

Haikukosa matatizo. Amazon imeongeza maelfu ya wafanyakazi Bellevue, ng'ambo ya ziwa, ambako kodi ya Seattle haifiki. Mishahara ya teknolojia hulipwa kwa sehemu kwa hisa, hivyo mapato hupanda na kushuka na soko. Linalonisikitisha zaidi ni jingine: zaidi ya nusu ya fedha zilitengwa kwa nyumba za bei nafuu, lakini bajeti ilipopungukiwa, jiji lilichota humo kuziba mapengo.

Ufaransa imekuwa na nidhamu zaidi. Tangu 1971 waajiri wa eneo la Paris hulipa asilimia ya mishahara kwa ajili ya usafiri wa umma, na kuanzia 1973 miji mingine ikaruhusiwa kufanya hivyo. Leo inawahusu wenye wafanyakazi 11 au zaidi. Fungu hilo huenda kwenye usafiri, na mwajiri huona treni na basi zinazomletea wafanyakazi asubuhi.

Tanzania nayo ina ushuru wa huduma, ambao sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1982 iliruhusu halmashauri kuutoza kampuni kwa kiwango kisichozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Hapa kinachohesabiwa ni mauzo. Msambazaji wa sukari mwenye mauzo makubwa na faida ndogo hulipa zaidi ya kampuni yenye mauzo madogo na faida nono. Hilo linastahili mjadala wa wazi kwenye vikao vya madiwani. Nawe mkazi una haki ya kumuuliza diwani wako ushuru huo ulikusanywa kiasi gani mwaka jana, na ulitumika kwa huduma ipi. Muulize.