Mjadala wa Bunge na Haki ya Mwananchi: Nini Maana ya Kuwajibika?

Neno "kuwajibika" limepata bahati mbaya katika siasa za nchi yetu. Asili yake ni wajibu, yaani jambo ambalo mtu hana budi kulitimiza. Lakini kwa miaka mingi sasa limepunguzwa hata likabaki na maana moja tu: waziri kuacha kazi. Wananchi wakionewa na vyombo vya dola, wabunge husimama na kudai waziri "awajibike". Waziri akiisha kuondoka, husemwa kwamba amekwisha kuwajibika, na jambo lenyewe huhesabiwa kuwa limekwisha.

Katika makala hii tunakusudia kueleza kwamba hapo jambo halijakwisha. Kada au mwanafunzi anayetaka kuupima mjadala wa Bunge juu ya haki za binadamu hana budi kwanza aelewe Serikali inadaiwa nini mwananchi anapoonewa. Asipoelewa hivyo, atashangilia kuondoka kwa mkubwa na kumsahau aliyepigwa.

Serikali inawajibika kwa nani

Msingi wa jambo hili umo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara ya 63 inaliweka Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Mbunge anaweza kumwuliza waziri swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 53 inawafanya mawaziri wote kwa pamoja kuwajibika kwa Bunge juu ya utekelezaji wa shughuli za Serikali. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge.

Tuangalie sababu za mpango huu. Mkulima wa Kahama aliyekamatwa usiku na kupigwa hawezi kumwita waziri na kumtaka maelezo. Hana gari la kumfikisha Dodoma, na akifika hataruhusiwa kuingia ofisini bila miadi. Mbunge amepewa sauti ambayo mkulima huyo hana. Kwa hiyo uhuru wa mbunge kusema ni mali ya mkulima, naye mbunge amekabidhiwa tu aitumie. Mbunge anayenyamaza huku akijua watu wake wameonewa ameificha mali ya mwenzake.

Sasa, mwananchi anapoonewa na dola, Serikali huwa na madeni matatu. La kwanza ni deni la maelezo: nini kilitokea, nani aliamuru, nani alitenda, na nani aliumia. La pili ni deni la dhamana. Cheo ni dhamana, na aliyekabidhiwa dhamana akashindwa kuitunza hana budi kuirudisha, hata kama hakutenda uovu kwa mkono wake. La tatu ni deni la haki: mkosaji ashitakiwe, na aliyeumizwa alipwe fidia na kurudishiwa heshima yake. Madeni haya ni tofauti, na kulipa moja hakufuti mengine.

Somo la Mwanza na Shinyanga

Mfano wa kwanza ni wa zamani. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikamatwa wakati wa msako wa kuwatafuta wauaji wa vikongwe, mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Shabaha ya msako ilikuwa njema, kwa sababu vikongwe wasio na hatia walikuwa wakiuawa. Lakini baadhi ya watu waliokamatwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na wengine wakafa.

Mwezi Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Alijiuzulu pia Ndugu Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili, Ndugu Peter Kisumo na Ndugu Marco Mabawa. Ndugu Mwinyi hakulaumiwa kwamba alimtesa mtu yeyote. Alijiuzulu kwa sababu waliotesa walikuwa chini ya wizara aliyokabidhiwa. Hilo ndilo deni la dhamana, na lililipwa. Baadaye aliteuliwa kuwa Balozi nchini Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Hapa tunajifunza kwamba kurudisha dhamana si adhabu ya jinai wala si aibu ya maisha. Kiongozi anayejiuzulu kwa wakati huokoa heshima ya ofisi na yake mwenyewe.

Lakini tukitazama mfano huo kwa upande wa aliyeteswa, tunaona upungufu mkubwa. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani kwa makosa ya jinai, na hilo lilikuwa jambo jema. Pamoja na hayo, wakati huo Katiba yetu haikuwa na sehemu ya haki ambayo mwananchi angeweza kuishika mkononi na kwenda nayo mahakamani kuishitaki dola. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikuwa umekataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966, ilipokea malalamiko ya wananchi na kupeleka taarifa zake kwa Rais. Lakini mwiko wa maadili na taarifa kwa Rais, hata vikiwa na nia njema namna gani, si haki ambayo mnyonge anaweza kuidai mwenyewe.

Haki zaandikwa katika Katiba

Upungufu huo ulijadiliwa sana katika mjadala wa Katiba uliofunguliwa mwaka 1983. Wananchi wengi, pamoja na wanasheria na watu wa Zanzibar, walidai kwamba haki za raia ziandikwe katika Katiba. Madai hayo yalikuwa yamekataliwa wakati wa uhuru, kwa hoja kwamba taifa changa halina budi kujenga nchi kwanza, na kwamba mahakama zingeweza kutumia haki hizo kuzuia maendeleo. Safari hii yalikubaliwa. Bunge lilipitisha mabadiliko ya Katiba mwaka 1984, na ibara za 12 hadi 29 zikaweka haki na wajibu muhimu. Miongoni mwake ni haki ya kuishi, usawa mbele ya sheria, na marufuku ya kumtesa au kumdhalilisha mtu.

Hata hivyo Bunge hilohilo liliahirisha kwa miaka mitatu uwezo wa mwananchi kuzidai haki hizo mahakamani, ili Serikali ipate nafasi ya kurekebisha sheria zake. Mlango wa mahakama ulifunguliwa mwezi Machi 1988. Sheria ya kueleza utaratibu wa kudai haki hizo ilitungwa mwaka 1994. Basi kutoka uhuru wa mwaka 1961 hadi siku mwananchi alipoweza kuingia mahakamani na Katiba mkononi, ilipita miaka zaidi ya 26. Tunataja hesabu hii ili msomaji aelewe kwamba haki haziji zenyewe. Hudaiwa, hujadiliwa, huahirishwa, kisha hudaiwa tena.

Operesheni Tokomeza

Mfano wa pili ni wa mwaka 2013. Majangili walikuwa wakiwamaliza tembo wetu. Katika eneo la Selous na Mikumi, hesabu ya tembo ilishuka kutoka karibu 39,000 mwaka 2009 hadi karibu 13,000 mwaka 2013. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyepinga kwamba majangili wapigwe vita. Mwezi Oktoba 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza, iliyowashirikisha askari wa Jeshi la Wananchi, Polisi na askari wa wanyamapori.

Baada ya wiki chache malalamiko yalifika bungeni. Wabunge wa vyama vyote, wa chama tawala na wa upinzani, walisimama na kueleza habari za watu wao waliopigwa, waliouawa, na wafugaji waliopoteza ng'ombe. Operesheni ilisimamishwa mwanzoni mwa Novemba. Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya uenyekiti wa Ndugu James Lembeli, ilipewa kazi ya kuchunguza. Tarehe 20 Desemba 2013 taarifa yake ilisomwa bungeni. Ilieleza mauaji, mateso, udhalilishaji wa wanawake na uharibifu wa mali. Siku hiyohiyo Waziri wa Maliasili na Utalii, Ndugu Khamis Kagasheki, alitangaza kujiuzulu. Uteuzi wa mawaziri wengine watatu ulitenguliwa na Rais: Ndugu Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Ndugu Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi, na Ndugu Mathayo David Mathayo wa Mifugo.

Tukiupima mjadala huo kwa madeni yetu matatu, tunaona hivi. Deni la maelezo lilianza kulipwa, kwa sababu Bunge lilikwenda kwa wananchi na kurudi na taarifa. Deni la dhamana lililipwa kwa siku moja. Deni la haki lilihamishiwa kwingine: mwaka 2014 Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu. Lakini wakati huo macho ya taifa yalikuwa yamekwisha kugeukia mambo mengine. Mawaziri wanne walijulikana kwa majina nchi nzima. Wananchi waliouawa hawakujulikana hivyo. Tofauti hiyo peke yake yaonyesha mjadala ulielemea upande gani.

Kwa nini fedha ina mtetezi kuliko mwili

Wapo watakaosema kwamba Bunge halina uwezo wa kufuatilia jambo hadi mwisho. Hoja hiyo haisimami. Katika mambo ya fedha, Bunge limeonyesha uwezo huo. Mkataba wa umeme wa Richmond ulichunguzwa na Kamati Teule chini ya Ndugu Harrison Mwakyembe, na mwezi Februari 2008 Waziri Mkuu, Ndugu Edward Lowassa, akajiuzulu. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huleta taarifa, na Kamati ya Hesabu za Serikali huwaita maofisa na kuwauliza: shilingi hii imekwenda wapi? Mwaka unaofuata huulizwa tena kama agizo limetekelezwa.

Shilingi iliyopotea, basi, ina mkaguzi, ina kamati, na ina siku yake ya kuulizwa. Jino lililong'olewa kwa kipigo kituoni halina utaratibu wa namna hiyo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2001 tuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Lakini kazi ya Tume huishia katika mapendekezo, na Serikali huweza kuyakataa. Wananchi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliondolewa kwa nguvu mwaka 2001 na nyumba zao zikachomwa moto. Tume ilichunguza na kupendekeza walipwe fidia. Serikali haikukubali, na shauri likaendelea hadi Mahakama ya Rufani. Mtu aliyechomewa nyumba anaambiwa apande ngazi moja baada ya nyingine, naye hana hata nauli.

Ugumu mwingine ni wa kisiasa, na hatuna sababu ya kuuficha. Mawaziri wetu ni wabunge, na wabunge wengi ni wa chama kimoja na mawaziri hao. Kumhoji mwenzako wa chama huonekana kama usaliti. Tena vyombo vinavyolaumiwa mara nyingi ndivyo vinavyopewa kazi ya kujichunguza. Hiyo ni kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Ndiyo maana mfano wa 2013 una thamani: siku ile wabunge wa chama tawala hawakungoja wapinzani waseme kwa niaba yao. Utii kwa chama maana yake si kunyamaza mwananchi anapopigwa. Chama chochote kinachodai kuwa cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kuogopa kuulizwa juu ya migongo yao.

Nini kifanyike

Kutokana na mifano hii tunaona mambo manne ya kudai katika kila mjadala wa aina hii.

Kwanza, taarifa ya kamati iwataje walioumizwa na madai yao, kwa kulinda siri za wanaohitaji kulindwa. Isitaje wakubwa peke yao.

Pili, azimio la Bunge liseme nani atekeleze nini, na kwa tarehe gani. Azimio lisilo na tarehe ni nasaha tu.

Tatu, waziri mpya arithi deni pamoja na ofisi. Aliyeondoka amerudisha dhamana yake, lakini deni la Serikali halikuondoka naye. Basi mrithi wake aitwe bungeni kueleza mashitaka yamefikia wapi na fidia imelipwa kwa nani.

Nne, mapendekezo ya Tume ya Haki za Binadamu yafuatiliwe mwaka hadi mwaka kama yanavyofuatiliwa maagizo juu ya hesabu za fedha.

Makada na wanafunzi nao wana kazi. Waisome Katiba pamoja na wananchi vijijini na mitaani, wawasaidie walioonewa kuandika malalamiko yao, na wamwulize mbunge wao alisema nini na akafuatilia nini. Mjadala mzuri bungeni huanza na mwananchi anayejua kwamba anadai.

Dawa ya deni ni kulipa. Kujiuzulu hulipa deni moja. Yaliyobaki ni ya yule mkulima wa Kahama, na hayatakwisha mpaka yeye mwenyewe aseme amelipwa.

Maswali ya majadiliano

1. Eleza tofauti kati ya deni la dhamana na deni la haki, kwa kutumia mifano ya 1977 na 2013.
2. Je, shabaha njema ya operesheni yaweza kupunguza wajibu wa Serikali kwa waliodhulumiwa? Toa sababu.
3. Katika wilaya yenu, mwananchi aliyeonewa na chombo cha dola aanzie wapi kudai haki yake, na ni vikwazo gani atakutana navyo?