Kipengele cha Video katika HTML5 na Suala la Usimbaji

Makala haya yanaeleza kwa nini video moja huchezeka katika kivinjari kimoja na kushindikana katika kingine. Kufikia mwaka 2007, video nyingi za mtandaoni zilitegemea Flash, programu ya kampuni ya Adobe. Simu ya iPhone, iliyotolewa mwaka huo, haikuikubali. HTML5, iliyoidhinishwa na W3C mwaka 2014, ilileta kipengele cha video kisichohitaji programu ya ziada.

Hata hivyo, kiwango hicho hakikulazimisha mfumo mmoja wa usimbaji, yaani njia ya kubana picha na sauti. Mfumo wa H.264 ulienea katika simu, lakini ulifungwa na hataza. Kwa hiyo Firefox ilianza na Theora, na Google ikatoa WebM mwaka 2010. Ndiyo maana mtayarishaji huorodhesha nakala kadhaa, na kivinjari huchagua ya kwanza kinayoimudu.

Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020. Kwa maktaba zinazohifadhi rekodi za fasihi simulizi, funzo ni dhahiri: nakala asilia itunzwe, kwani kutoka kwayo ndiko nakala za mifumo mipya zitakakotolewa.